Alice Hamilton: Daktari Aliyeiandama Sumu Hadi Kiwandani

Jina la Hamilton si geni kwa mwanafunzi wa fasihi. Wengi waliosoma visasili vya Wagiriki wamepitia mikononi mwa Edith Hamilton, mwandishi wa Mythology, kitabu kilichotoka mwaka wa 1942 na ambacho hadi leo hakikosekani katika rafu za maktaba za vyuo vikuu. Lisilojulikana sana ni kwamba Edith alikuwa na mdogo wake, Alice, aliyezaliwa mwaka mmoja na nusu baada yake, na ambaye jina lake huheshimiwa na madaktari kama la Edith linavyoheshimiwa na wanafasihi. Edith alishughulika na watu wa kale waliokwisha kuzikwa. Alice alishughulika na watu walio hai ambao kazi zao zilikuwa zikiwaua polepole, na ambao aghalabu hawakujua ni nini kilichokuwa kikiwaua.

Alice Hamilton alizaliwa tarehe 27 Februari 1869 jijini New York, akakulia Fort Wayne katika jimbo la Indiana, Marekani. Baba yake, Montgomery, hakuziamini shule za mji ule, kwa hivyo mabinti zake wanne, Edith, Alice, Margaret na Norah, walisomeshwa nyumbani. Walifundishwa Kilatini, Kifaransa na Kijerumani, wakasoma historia na fasihi kwa wingi. Hisabati waliionja tu, na sayansi karibu hawakuigusa. Mnamo 1885 biashara ya baba ilianguka. Mabinti wakatambua kwamba kila mmoja wao angelazimika kujitafutia riziki kwa jasho lake. Alice akachagua udaktari. Hakufanya hivyo kwa sababu alivutiwa na sayansi, la hasha, bali kwa kuwa aliona kwamba daktari anaweza kwenda popote, kijijini au mjini, kwa maskini au kwa tajiri, na bado akawa mtu wa manufaa. Wakati mmoja alitamani hata kwenda Uajemi kutibu watu huko.

Pengo la sayansi alilijaza kwa jitihada. Baada ya masomo ya awali katika chuo kidogo cha udaktari kilichokuwa Fort Wayne, alijiunga na Chuo Kikuu cha Michigan, mojawapo ya vyuo vichache vilivyowapokea wanawake katika udaktari, akahitimu mwaka wa 1893. Alifanya mazoezi ya kazi katika hospitali za wanawake na watoto huko Minneapolis na Boston, na huko akatambua kwamba alipendelea maabara kuliko wodi. Mnamo 1895 yeye na Edith walifunga safari hadi Ujerumani, kitovu cha sayansi ya zama hizo. Vyuo vya Leipzig na Munich viliwaruhusu kusikiliza mihadhara kwa sharti kwamba wasionekane sana. Huko Munich Edith alitengewa kiti jukwaani, kando ya mhadhiri, ili asije akaketi bega kwa bega na wanafunzi wa kiume. Ni kichekesho cha aina yake: aliyetakiwa asionekane akawekwa mahali ambapo hapana jicho lisilomwona.

Baada ya kurejea na kukaa kwa muda katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Alice alipata kazi ya kufundisha patholojia mjini Chicago mwaka wa 1897, katika shule ya udaktari ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Northwestern. Hata hivyo, kilichomvuta Chicago zaidi ya ajira ilikuwa ni Hull House, nyumba iliyofunguliwa na Jane Addams pamoja na Ellen Gates Starr mwaka wa 1889 katikati ya mtaa wa wahamiaji maskini. Wasomi walihamia humo, wakakaa miongoni mwa Waitaliano, Wagiriki, Wapolandi, Waayalandi na Wayahudi kutoka Urusi, wakafundisha, wakatibu, wakatetea, na wao wenyewe wakajifunza. Alice aliishi humo kwa miaka 22 mfululizo, na hata baada ya kuhama aliendelea kurudi kila mwaka hadi Addams alipoaga dunia mnamo 1935.

Maisha yake katika miaka hiyo ya mwanzo yaligawika pande mbili. Mchana aliinamia hadubini. Mwaka wa 1901 alichapisha makala kuhusu mgawanyiko wa seli katika ubongo na uti wa mgongo wa panya weupe, akionyesha kwamba seli za mfumo huo huendelea kugawika hata baada ya panya kuzaliwa. Swali alilolichokonoa halikuwa dogo. Wanasayansi wengi wa karne hiyo walishikilia kwamba mnyama akishazaliwa na kukomaa ubongo wake hauongezi tena seli za neva, na ilichukua hadi miaka ya 1960, kwa kazi ya Joseph Altman, ndipo msimamo huo ulipotikiswa kwa dhati. Mjadala wenyewe haujafungwa hadi leo kuhusu ubongo wa binadamu.

Jioni mambo yalikuwa mengine kabisa. Aliwaogesha watoto wachanga wa mtaa na kuwafundisha mama zao malezi. Aliwaona waume za kina mama hao wakirudi kutoka viwandani: huyu mikono imelegea vifundoni hata hawezi kushika kijiko, yule amezimia kwa moshi wa tanuri la chuma, mwingine ana msokoto wa tumbo usiokwisha. Panya wa maabara na wanaume hawa walikuwa na mfumo mmoja wa neva, lakini ni panya tu waliokuwa wakichunguzwa. Alice mwenyewe alianza kuhisi kwamba kazi yake ya hadubini haikuwa na faida kwa jirani yake yeyote.

Mnamo 1902 homa ya matumbo ililipuka Chicago, hasa katika mtaa wa Hull House. Alice alikusanya nzi kutoka vyooni, akaonyesha kwamba walibeba vijidudu vya ugonjwa huo. Makala yake ilisifiwa mno, na idara ya afya ya jiji ikachunguzwa na kupangwa upya. Baadaye ilibainika kwamba sababu kubwa ilikuwa nyingine: bomba lilipasuka, maji machafu yakaingia katika maji ya kunywa kwa siku kadhaa, na wakuu wakalificha jambo hilo. Sifa za nzi ziliendelea kumfuata kwa miaka mingi, naye hazikumfurahisha.

Baadaye alisoma kitabu cha daktari Mwingereza Thomas Oliver kuhusu kazi za hatari. Alipotafuta maandishi ya Kimarekani juu ya mada hiyo hakupata chochote cha maana. Ulaya ilikuwa na sheria, wakaguzi na takwimu. Marekani ilikuwa na viwanda vingi zaidi na kimya kikubwa zaidi. Madaktari wenzake walidai kwamba viwanda vya nchi yao vilikuwa safi na mishahara mizuri kiasi kwamba magonjwa ya Ulaya hayangeweza kutokea huko. Dai hilo halikuwa na ushahidi wowote nyuma yake ila kujiamini.

Mwaka wa 1910 jimbo la Illinois liliendesha uchunguzi wa magonjwa ya kazini, wa kwanza wa aina yake nchini humo, na Alice akapewa usukani. Alikuwa na umri wa miaka 41. Aliichagua risasi kuwa fungu lake mwenyewe. Hapa pana jambo la kutajwa kuhusu lugha yetu: Kiswahili hutumia neno hilo moja, risasi, kwa madini na kwa kile kinachotoka katika mtutu wa bunduki, na msomaji wa maisha ya Alice Hamilton huenda akaona kwamba neno halijakosea sana. Risasi iliingia katika rangi, mabomba, betri, vyombo vya udongo, herufi za chapa, hata katika karatasi ya kufungia sigara. Uchunguzi huo ulifichua zaidi ya kazi 70 za viwandani ambazo ziliwaweka watu katika hatari ya sumu hiyo.

Namna alivyoifanya kazi yenyewe ndiyo iliyomtenga na watafiti wengine. Hospitali ziliandika jina la ugonjwa tu, hazikuandika mgonjwa alikuwa akifanya kazi gani. Mameneja walikana. Wafanyakazi waliogopa kufukuzwa. Kwa hivyo Alice alianza kutembea. Alienda kwa wauza dawa, kwa makasisi, kwa viongozi wa vyama vya wafanyakazi, katika vilabu vya pombe, na zaidi ya yote nyumbani kwa watu, akaketi jikoni na wake zao na kuuliza mume anafanya kazi wapi, tangu lini, anakula vipi, analala vipi, hasira zake zikoje siku hizi. Mke alijua. Mara nyingi mke alijua kabla ya daktari. Utafiti wa aina hii leo una majina marefu. Wakati huo ulikuwa ni viatu vilivyochakaa na subira.

Kisa cha mahodhi ya kuogea chaonyesha mbinu yake kuliko maelezo yoyote. Mhamiaji mmoja kutoka Poland alipatikana hospitalini akiwa na dalili zote za sumu ya risasi: msokoto wa tumbo na mikono iliyopooza vifundoni. Alisema kazi yake ni kupaka enameli mahodhi. Alice hakuwa amewahi kusikia kwamba kazi hiyo ina risasi. Alikwenda kiwandani, akakaribishwa kwa heshima, akaonyeshwa watu wakipaka mahodhi rangi, akahakikishiwa kwamba hakuna risasi. Alirudi kwa wafanyakazi. Wakamweleza kwamba alichoonyeshwa sicho. Enameli yenyewe hupakwa mahali pengine, ambapo hodhi la chuma hutolewa tanuruni likiwa jekundu kwa moto na mtu akalinyunyizia unga kwa chekecheo huku vumbi likimfunika uso. Akapata kiasi kidogo cha unga huo, ukapimwa, ukaonekana una hadi asilimia 20 ya risasi inayoyeyuka mwilini.

Kutokana na visa vya namna hiyo Alice alifikia hitimisho lililopingana na imani ya waajiri. Wao walidai kwamba mfanyakazi hupata sumu kwa kula bila kunawa mikono, kwa hiyo kosa ni lake. Walisema ni ulevi, ni uchafu wa wageni. Alice alithibitisha kwamba njia kuu ya sumu ni pumzi. Mtu huivuta katika vumbi na mvuke, nayo huingia katika damu kupitia mapafu. Mtu anaweza kuamuriwa kunawa mikono, lakini hawezi kuamuriwa asipumue. Lawama ikahama kutoka kwa mfanyakazi hadi kwa mwenye chumba kisicho na feni wala bomba la kunyonya vumbi. Mnamo 1911 Illinois ilipitisha sheria ya magonjwa ya kazini, iliyowalazimu waajiri kuweka kinga na kuwapima wafanyakazi wao kila mwezi.

Mwaka huo huo serikali kuu ilimwajiri awe mchunguzi maalumu wa viwanda nchini kote, ingawa neno kuajiri huenda likapotosha. Hakupewa mshahara. Alipaswa kuandika ripoti, kisha serikali iinunue kwa bei ambayo yenyewe ingeona inafaa. Isitoshe, hakuwa na mamlaka ya kisheria ya kuingia katika kiwanda chochote. Mlango uliofungwa ulibaki umefungwa, isipokuwa mwenye mlango akubali kuufungua. Silaha aliyobaki nayo ilikuwa adabu, pamoja na hoja zisizokanushika. Kwa Edward Cornish wa kampuni ya National Lead, silaha hiyo ilifanya kazi. Cornish hakuamini kwamba watu wake walikuwa wakiugua, lakini aliahidi kwamba akithibitishiwa angechukua hatua. Alice alirudi na kumbukumbu za wagonjwa 22 waliohitaji kulazwa. Cornish akatimiza ahadi: vumbi na mvuke vikadhibitiwa, madaktari wakaajiriwa.

Mafanikio hayo yalimjengea Alice imani iliyomwongoza kwa miaka mingi, kwamba mwajiri akionyeshwa ukweli uso kwa uso, dhamiri yake itaamka. Imani hiyo ilikuwa na nguvu yake, kwani iliokoa watu ambao sheria haikuwa imewafikia. Lakini ilitegemea bahati ya kukutana na kina Cornish, na viwanda havikujaa kina Cornish.

Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alitumwa kuchunguza viwanda vya baruti, ambavyo vingine vilikuwa siri hata kwa ofisi iliyomtuma. Alivitafuta kwa kutazama angani. Palipokuwa na wingu la moshi wa manjano na wa rangi ya chungwa, palikuwa na kiwanda, na njiani alikutana na wanaume ambao nyuso na mikono yao ilikuwa imegeuka manjano kwa asidi ya pikriki. Mnamo 1918 alikwenda Bedford, Indiana, kuwachunguza wachonga mawe waliotumia nyundo zinazoendeshwa kwa hewa, ambao vidole vyao viligeuka vyeupe na kufa ganzi wakati wa baridi.

Mwaka wa 1919 Chuo Kikuu cha Harvard kilitaka kufundisha tiba ya viwandani, na mtaalamu aliyeongoza katika taaluma hiyo Marekani nzima alikuwa mwanamke. Chuo hicho kilikuwa hakijapata kuwa na mwalimu mwanamke tangu kuasisiwa kwake mwaka wa 1636. Alice aliteuliwa kuwa profesa msaidizi, akawa wa kwanza. Masharti yalikuwa matatu: asiingie katika klabu ya walimu, asidai tikiti za mechi za kandanda ya Kimarekani, wala asiandamane na wenzake katika gwaride la mahafali. Alikubali. Naye alikuwa na sharti lake: angefundisha nusu ya mwaka tu, na nusu nyingine ingekuwa ya viwanda na Hull House. Alifundisha huko hadi 1935, na alistaafu akiwa profesa msaidizi vilevile. Miaka 16, vitabu viwili vya msingi, sifa iliyovuka bahari, na cheo hakikupanda hata ngazi moja.

Vitabu hivyo viwili ni Industrial Poisons in the United States cha 1925, kitabu cha kwanza cha Kimarekani katika uwanja huo, na Industrial Toxicology cha 1934. Thamani yake inaonekana hasa pale anapozungumzia sumu zinazoshambulia neva na akili. Taaluma ambayo leo huitwa toksikolojia ya tabia, yaani uchunguzi wa jinsi sumu inavyobadilisha mwenendo wa kiumbe kabla haijaangusha mwili wake, haikuwa na jina wakati huo. Ilikuja kujitambulisha miongo kadhaa baadaye. Ila Alice alikuwa tayari ameizoea kazi yake. Yule mke aliyeulizwa jikoni kuhusu hasira za mumewe alikuwa, kwa namna fulani, kipimo cha kwanza cha maabara.

Chukua mfano wa watengenezaji kofia wa Danbury, Connecticut. Manyoya ya sungura yalilowekwa katika maji yenye zebaki ili yashikane, na mvuke wa zebaki ukajaa vyumba. Mikono ya mafundi ilitetemeka. Mji mzima ulijua tetemeko hilo na hata ukalipa jina lake. Lililojulikana kwa uchache ni badiliko la tabia. Fundi aliyekuwa mchangamfu akawa mwenye haya kupita kiasi, hawezi kufanya kazi akitazamwa na mgeni, anakasirika kwa jambo dogo, kisha anasikitika. Majirani walidhani ni tabia mbaya ya uzeeni, kumbe ni zebaki. Alice alichunguza hali hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1920, na bado matumizi ya zebaki katika kofia hayakukomeshwa hadi Desemba 1941, wakati vita vilipoihitaji zebaki hiyo kwa viwashio vya mabomu. Afya ya mafundi peke yake haikuwa imetosha kuwa sababu.

Kaboni disulfidi ilikuwa mbaya zaidi. Ilitumika katika viwanda vya mpira na baadaye katika kutengeneza reyoni, ile hariri bandia. Anayeivuta hupata kwanza uchangamfu kama wa mlevi, kisha ndoto za kutisha, kupoteza kumbukumbu, miguu kuishiwa nguvu, na mwishowe wazimu. Baadhi ya wafanyakazi walipelekwa katika hospitali za wagonjwa wa akili na kubakia huko, na hapana aliyeuliza walikuwa wakifanya kazi gani. Mnamo 1937 na 1938, akiwa tayari amestaafu na akikaribia miaka 70, Alice aliongoza uchunguzi wa viwanda vya reyoni huko Pennsylvania kwa niaba ya Wizara ya Kazi. Aliwakusanya madaktari wa neva, wa akili na wa macho, wakawapima wafanyakazi mmoja mmoja. Huo ndio uliokuwa uchunguzi wake mkubwa wa mwisho viwandani.

Kati ya kofia na reyoni kuna kisa cha petroli, na hapa ndipo Alice aliposhindwa. Watafiti wa General Motors waligundua mnamo 1921 kwamba mchanganyiko wa risasi uitwao tetraethili ukitiwa katika petroli huondoa kishindo cha injini. Oktoba 1924, katika kiwanda cha Standard Oil huko Bayway, New Jersey, wafanyakazi walioushughulikia walipagawa ghafla. Walipiga kelele, walikimbia vitu visivyokuwapo, wakafungwa kwa nguvu na kupelekwa hospitalini. Watano walikufa. Katika kiwanda kingine cha jimbo hilohilo, jengo la kazi hiyo lilikuwa limebandikwa jina la nyumba ya vipepeo, kwa sababu waliofanya kazi humo walionekana wakipunga mikono hewani kufukuza wadudu ambao hakuna mwingine aliyewaona.

Tarehe 20 Mei 1925 mkuu wa afya ya umma aliitisha mkutano Washington. Wenye kampuni walisema kwamba ajali zilitokea kiwandani tu, kwamba uangalifu utaongezwa, na kwamba bidhaa yenyewe ni hatua ya maendeleo. Mmoja wao aliifikisha daraja la zawadi ya Mungu. Alice, pamoja na Yandell Henderson wa Chuo Kikuu cha Yale, walisimama upande wa pili. Hoja yake ilitoka moja kwa moja katika miaka 15 ya vumbi. Alisema kwamba hajaona kazi yoyote ya risasi, hata iliyosimamiwa kwa ukali namna gani, ambayo haikuzaa mgonjwa mapema au baadaye. Ikiwa kiwanda kimoja chenye kuta nne hakidhibitiki, barabara zote za nchi zitadhibitiwa na nani? Akawataka wakemia watafute kitu kingine badala ya risasi.

Mauzo yalisimamishwa kwa muda, kamati ya wataalamu ikateuliwa na kupewa miezi michache tu. Mnamo Januari 1926 kamati ilitoa jibu kwamba haikuona sababu ya kutosha ya kupiga marufuku. Sumu inayojikusanya mifupani kwa miaka ilikuwa imepimwa kwa miezi. Kamati ilipendekeza utafiti uendelee kwa fedha za umma, lakini fedha hizo hazikutolewa. Kwa takriban miaka 40 sauti iliyotawala ilikuwa ya Robert Kehoe, mtafiti aliyegharamiwa na wenye bidhaa. Mbinu ya kumwendea mwajiri na kumwamsha dhamiri haikuwa na mahali pa kushika hapa. Hapakuwa na Cornish wa kuonyeshwa wagonjwa 22, kwa kuwa wagonjwa wa petroli walikuwa wametawanyika katika kila mtaa na ugonjwa wao haukuwa na jina.

Jina lilipatikana Alice akiwa kaburini. Mnamo 1979 Herbert Needleman alipima risasi katika meno ya watoto wa shule yaliyong'oka, akaonyesha kwamba watoto wenye risasi nyingi zaidi, ingawa hawakuonekana wagonjwa, walipata alama za chini katika vipimo vya akili na walishindwa zaidi kutulia darasani. Marekani ilianza kuiondoa risasi katika petroli miaka ya 1970 na ikaipiga marufuku kabisa kwa magari ya barabarani mwaka wa 1996. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, Kenya ikiwamo, ziliiacha kufikia Januari 2006. Mnamo Agosti 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilitangaza kwamba Algeria, nchi ya mwisho duniani kuiuza petroli hiyo kwa magari, ilikuwa imeacha mwezi wa Julai. Tangu siku ya mkutano wa Washington ilikuwa imepita miaka 96.

Alice hakuwa mtu wa maabara na viwanda pekee. Mnamo 1915, huku vita vikiendelea, alifuatana na Jane Addams hadi kwenye kongamano la wanawake la amani mjini The Hague. Alisaidia kufichua masaibu ya wasichana waliopaka radiamu kwenye nyuso za saa. Alihudumu katika kamati ya afya ya Shirikisho la Mataifa kuanzia 1924 hadi 1930, na mnamo 1927 alikwenda kumsihi gavana wa Massachusetts asiruhusu Sacco na Vanzetti wauawe, bila mafanikio. Jambo moja linastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Kwa miaka mingi alipinga marekebisho ya katiba ya kuwasawazisha wanawake na wanaume, akihofia kwamba yangezifuta sheria zilizowakinga wanawake viwandani, kwa mfano dhidi ya risasi iliyoharibu mimba. Baadaye, mnamo 1952, aliacha upinzani huo. Wapo waliomlaumu kwa msimamo wa kwanza na wapo waliomlaumu kwa wa pili. Yamkini hakuna aliyeyajua viwanda vile vizuri kumshinda yeye katika pande zote mbili.

Baada ya Harvard alihamia Hadlyme, kijiji cha Connecticut kando ya mto, akaishi na dada yake Margaret. Tawasifu yake, Exploring the Dangerous Trades, ilitoka mwaka wa 1943 ikiwa na michoro ya mkono wa Norah, dada mdogo kuliko wote. Mwaka wa 1947 akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Lasker. Mnamo 1963, akiwa na umri wa miaka 94, alitia sahihi barua ya wazi ya kuitaka Marekani iondoe majeshi yake Vietnam.

Alifariki nyumbani Hadlyme tarehe 22 Septemba 1970, akiwa na umri wa miaka 101. Tarehe 29 Desemba mwaka huohuo, Rais Nixon alitia sahihi sheria ya usalama na afya kazini, ambayo kwa mara ya kwanza iliwapa wakaguzi wa serikali kuu mamlaka ya kuingia katika viwanda vya nchi nzima bila kungoja hisani ya mwenye mlango. Kiwango cha kisheria cha risasi katika hewa ya kiwandani kiliwekwa na idara iliyoundwa chini ya sheria hiyo mnamo 1978.